Mji wa Lamu na Maji Yake

Nilipoingia kidato cha kwanza katika shule hii, wenzangu wa bara waliniuliza kwetu ni wapi, nami nikawajibu, "Lamu." Usiku ule bwenini likafuata swali jingine: "Kwenu ni kisiwani, bahari imewazunguka pande zote, wala hamna mto. Nyinyi hunywa nini?" Nikawaambia ya kuwa twanywa maji ya visima. Mmoja wao akacheka akasema, "Kisima kilichochimbwa kando ya bahari si kitakuwa bahari nyingine ndogo?" Nikanyamaza. Maji yale nilikuwa nimeyanywa tangu kuzaliwa kwangu, lakini sikupata hata siku moja kujiuliza yatoka wapi.

Swali lile lilinirudia mwaka jana, kisima cha nyumbani kwetu kilipoharibika. Hapo ndipo nilipoanza kutafuta jibu kwa bidii, kwa wazee wa mjini na kwa mwalimu wetu wa jiografia. Leo nataka kuwaeleza wasomaji wa gazeti letu mambo niliyojifunza, kwa maana nimeona ya kwamba watu wengi wa pwani hawayajui, hata sisi tuliozaliwa huko.

Mji wenyewe

Kisiwa cha Lamu kiko kaskazini mwa pwani ya Kenya, si mbali na mpaka wa Somalia. Ni kimoja katika fungu la visiwa, na wenzake wakubwa ni Manda na Pate. Atokaye bara hupanda mashua pale Mokowe. Ajaye kwa ndege hushuka Manda, kisha huvuka mkono wa bahari ulio katikati. Mji wa Lamu umekaa upande wa mashariki wa kisiwa, umeelekea Manda. Nyumba zake za kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimechukuliwa na boriti za mikoko. Njia yake kuu huitwa Usita wa Mui, na kutoka hapo vichochoro vyaingia mjini, vingine vyembamba hata punda mwenye mzigo akija yakupasa kujibanza ukutani apite. Mwaka 2001 mji huu uliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia.

Wageni huja kutazama milango ya nakshi, na ngome iliyomalizika kujengwa mwaka 1821. Kitu ambacho watu wachache hukitazama ni kisima. Nyumba nyingi kubwa za zamani zilikuwa na kisima chake, na misikiti ilikuwa na visima vyake kwa ajili ya udhu. Katika chumba cha kuogea cha nyumba ya kale utaona hodhi la chokaa, ndilo liitwalo birika. Humo wazee walitia samaki wadogo wale viluwiluwi vya mbu. Chini kabisa walijenga bakuli la kaure, ili maji yakipungua samaki wale wapate mahali pa kukaa. Tazama hekima hii, msomaji. Watu wale walijua tangu mwanzo ya kuwa iko siku maji yatapungua, wakajiweka tayari.

Mchanga unywao mvua

Ukitoka mjini ukafuata ufuo kwenda kusini, baada ya yapata kilomita 3 wafika Shela. Kuanzia Shela pwani yageuka kuielekea bahari kuu, na ufuo wake wenda yapata kilomita 12. Nyuma ya ufuo huo ndipo vilipo vilima vya mchanga mweupe. Vilima hivi vilijengwa na upepo wa kusi. Upepo huu wavuma kutoka baharini, nao huokota mchanga mkavu ufuoni na kuupeleka nchi kavu chembe baada ya chembe, mwaka baada ya mwaka.

Mtu asiyejua akiviona vilima hivi husema, "Hii ni nchi kame, haifai kitu." Kwa kweli hili ndilo tangi la kisiwa kizima. Fikirini mvua ya masika, ambayo kwetu hunyesha zaidi kuanzia Aprili hadi Juni. Ikiangukia udongo mgumu wa mfinyanzi, sehemu kubwa hutiririka na kupotea baharini. Ikiangukia msitu mkubwa, mizizi huinywa na majani huirudisha hewani. Lakini ikiangukia mchanga mtupu humezwa mara moja, na baada ya mvua hutaona hata dimbwi. Kati ya chembe na chembe ya mchanga kuna nafasi, na nafasi hizo ukizikusanya pamoja hupata kama theluthi nzima ya mchanga wote. Maji hushuka katika nafasi hizo mpaka chini sana, mahali ambapo jua haliwezi kuyafikia wala kuyakausha. Tena yakipita mchangani huchujwa.

Kwa nini maji matamu hayazami

Sasa twafika kwenye swali la rafiki yangu. Chini ya kisiwa, matumbawe na mchanga vimejaa maji ya bahari, kwa kuwa bahari hupenya kutoka kila upande. Maji ya mvua yakishuka hukutana na maji ya chumvi. Kwa nini basi yasichanganyike yote yakaharibika?

Jibu lake ni uzito. Lita 1 ya maji matamu ina uzito wa kilo 1. Lita 1 ya maji ya bahari ina chumvi yapata gramu 35, na uzito wake ni kama kilo 1 na gramu 25. Tofauti hii ni ndogo, lakini yatosha. Maji matamu huelea juu ya maji ya chumvi, na kwa kuwa yamo ndani ya mchanga, hakuna mawimbi ya kuyakoroga. Huchanganyika kidogo tu pale yanapogusana.

Lakini hayaelei kama jani lielealavyo juu juu. Huelea kama jahazi lililopakiwa mizigo, ambalo sehemu kubwa ya ubavu wake imezama. Hesabu yake ni hii. Nguzo ya maji matamu yenye kimo cha mita 41 ina uzito sawasawa na nguzo ya maji ya bahari yenye kimo cha mita 40. Kwa hiyo, maji matamu yakiinuka mita 1 juu ya usawa wa bahari, chini yake huzama yapata mita 40 kabla ya kukutana na chumvi. Kanuni hii iliandikwa na Mholanzi mmoja aitwaye Badon Ghijben karibu na mwaka 1889, na tena mwaka 1901 na Mjerumani aitwaye Herzberg, aliyekuwa akitafuta maji kwa ajili ya miji midogo ya visiwa vya Bahari ya Kaskazini, huko kwao. Watu hawa wawili hawakufika Lamu, lakini kanuni yao yahusu kila kisiwa chenye mchanga.

Wanafunzi wenzangu mwaweza kujaribu jambo hili wenyewe. Chukueni lita 1 ya maji, mtie vijiko vidogo 6 vya chumvi, mkoroge mpaka iyeyuke. Mimineni maji hayo katika bilauri hata nusu. Kisha chukueni maji matamu mliyotia rangi kidogo, myamimine polepole sana juu ya mgongo wa kijiko yasianguke kwa kishindo. Mtaona rangi inabaki juu na maji meupe chini. Sasa tieni mrija mpaka katikati, mnyonye kidogo kidogo maji ya juu. Mtapata yale ya rangi. Mkiushusha mrija chini, au mkinyonya kwa pupa, chumvi itawafikia mdomoni. Hilo la mwisho ndilo lililotupata sisi nyumbani.

Kisima chetu

Nyumba yetu iko Mkomani, na kisima chake kilichimbwa na watu waliomtangulia babu yangu. Mwaka jana, wakati wa kaskazi, siku za joto na ukame, maji yalipungua mpaka ndoo ikawa yagonga mchanga. Baba akaita mafundi, akawaambia wachimbe zaidi. Wakashuka dhiraa 4, yaani kama mita 2. Kisha tukatia pampu ya umeme ya kupandishia maji katika tangi lililo darini. Maji yakaja kwa wingi, nasi tukafurahi. Mama aliosha hata kuta za ua.

Wiki ya tatu bibi yangu alionja chai akaiweka chini. Akamwuliza mama kama ametia chumvi mahali pa sukari. Baada ya siku chache sabuni ikakataa kutoa povu. Mwezi haukuisha kabla ya maji yale kuwa hayanyweki kabisa, na ikatubidi kununua maji yaletwayo na punda, madebe mawili ubavu huu na mawili ubavu ule. Fedha zilizokuwa zimewekwa kwa ajili ya viatu vyangu vya shule zikaenda katika maji. Baba alifikiri mafundi hawakuchimba vya kutosha, akawa ataka kuwaita tena washuke dhiraa nyingine 4.

Likizo ya Aprili nilirudi nyumbani nikiwa nimekwisha kufundishwa habari hizi na mwalimu. Sikuthubutu kumwambia baba moja kwa moja ya kuwa amekosea, kwa hiyo nilimweleza bibi kwanza. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mjukuu wangu, aliyekichimba kisima kile alikuwa na nguvu za kushuka zaidi. Alikoma pale kwa kuwa alijua pa kukoma." Jioni akamwita baba akamwambia anisikilize.

Nikachora jahazi mchangani. Nikamwambia baba, "Mizigo iliyomo jahazini ni mvua. Ukiipakua, jahazi huinuka. Tukiteka maji mengi mpaka usawa wake wa juu ushuke futi 1, chini chumvi hupanda yapata futi 40. Haipandi siku hiyo hiyo, bali hupanda. Nasi tena tumechimba kuifuata." Baba alifanya kazi ya ubaharia siku za ujana wake. Alikitazama kile chombo nilichochora kitambo kizuri, kisha akasema, "Yaani mimi nimekuwa nikipakua, na huku nashangaa kwa nini chombo chainuka." Hakusema neno jingine, lakini mafundi hawakuitwa kuchimba. Waliitwa kujaza. Walirudishia mawe na mchanga safi mpaka kimo cha zamani, tukaiondoa pampu, tukarudi kuteka kwa ndoo asubuhi na jioni. Juu ya paa tukatia mifereji ya kukinga mvua.

Masika ya mwaka huu yamepita, na maji ya kisima yameanza kurudi. Bado hatuyanywi, lakini sabuni yatoa povu. Nimejifunza ya kuwa kuharibu kulichukua wiki tatu, na kutengeneza kwachukua miaka. Maana sehemu 2 tu za maji ya bahari katika sehemu 100 zatosha kuyafanya maji matamu yaonje chumvi, na hakuna wa kuitoa chumvi hiyo ila mvua, kidogo kidogo.

Mji uliohama

Kama mtu aona jambo hili ni dogo, na avuke aende Takwa. Takwa iko katika kisiwa cha Manda, ndani ya mkono wa bahari wenye mikoko, na mashua huifikia vizuri maji yakijaa. Palikuwa na mji wa mawe uliostawi kati ya karne ya 15 na ya 17, wenye nyumba nyingi, ukuta, na msikiti wa Ijumaa ambao juu ya kibla chake pana nguzo. Bwana James Kirkman, mtaalamu wa mambo ya kale, aliuchimbua katika miaka ya 1950. Nje ya ukuta liko kaburi lenye nguzo ndefu, nalo limeandikwa mwaka 1094 wa Hijria, yaani karibu na mwaka 1683.

Baada ya hapo watu walihama. Sababu zitajwazo ni zaidi ya moja. Wengine husema ni vita na majirani, na wengine husema maji ya visima yaliingia chumvi. Jambo lijulikanalo ni kwamba Manda ni kisiwa chenye uhaba mkubwa wa maji matamu, na kwamba watu wa Takwa walivuka wakakaa Shela, chini ya vile vilima vya mchanga. Hata leo watu wa Shela huenda Takwa mara mbili kwa mwaka kuomba mvua kwenye lile kaburi la nguzo. Niliposikia habari hii nilifahamu kwa nini waomba mvua, wala hawaombi kitu kingine.

Hatari ya siku hizi

Siku za kale maji yalitekwa kwa kamba na ndoo, na mkono wa mtu huchoka. Pampu haichoki. Sehemu kubwa ya maji ya bomba yatumiwayo mjini hutoka katika visima vilivyochimbwa huko nyuma ya Shela, karibu na vilima. Watu nao wameongezeka. Hesabu ya watu ya mwaka 2009 ilionyesha wilaya zote za kaunti ya Lamu, visiwani na bara, zina watu 101,539. Ile ya mwaka 2019 ilionyesha watu 143,920. Mwaka 2021 gati ya kwanza ya bandari mpya ya Lamu ilifunguliwa upande wa bara, na kila mahali penye kazi watu hufika. Nyumba za wageni nazo zimeongezeka Shela, na kila moja yahitaji maji ya kuogea, ya kufulia, na nyingine maji ya mabwawa ya kuogelea.

Vilima vya Shela vimewekwa chini ya ulinzi wa sheria kwa sababu ya maji haya. Lakini sheria huandikwa kwenye karatasi, na mchanga uko nje. Nyumba ikijengwa juu ya kilima, sakafu yake huzuia mvua kushuka, na shimo la choo chake humwaga uchafu katika tangi lile lile tunywalo. Mchanga ukichukuliwa kwa ajili ya ujenzi, tangi lapunguzwa kimo. Mtu mmoja akifanya haya hutaona neno. Wakifanya watu mia, mji mzima utaonja.

Tufanye nini?

Kwanza, tusichimbe kisima kushuka zaidi kila maji yapunguapo. Kisima cha kisiwani chapaswa kugusa maji ya juu tu, na ni afadhali visima vingi vifupi vitekwavyo polepole kuliko kimoja kirefu kitekwacho kwa pupa.

Pili, tukinge mvua. Hesabu yake ni rahisi, na mwanafunzi yeyote aweza kuifanya. Milimita 1 ya mvua ikianguka juu ya mita 1 ya mraba hutoa lita 1 ya maji. Paa la mita za mraba 50, ikinyesha mvua ya milimita 20 siku moja, laweza kutoa karibu lita 1,000. Hizo ni lita 1,000 ambazo kisima hakitaombwa.

Tatu, vyoo vya shimo visiwe karibu na visima. Mchanga huchuja, lakini hauchuji kila kitu.

Nne, tuviache vilima kama vilivyo. Mtu akisema kiwanja kile hakina kazi, tumwambie ya kuwa kiko kazini kila mvua inaponyesha.

Mambo haya si ya Lamu peke yake. Wenzetu wa Pate, na wale wa visiwa na pwani nyingine ambako visima viko karibu na bahari, waishi kwa kanuni ile ile.

Muhula uliopita nilimwonyesha rafiki yangu yule wa bara jaribio la bilauri, pale dirishani bwenini. Alilitazama kwa muda, kisha akaniuliza yale maji ya rangi yatakaa juu mpaka lini. Nikamwambia, mpaka mtu ayakoroge. Wazee wetu wana methali isemayo, "Vyaelea vimeundwa." Wao waliisema kwa ajili ya vyombo vya baharini. Nami naona yafaa pia kwa maji yaeleayo chini ya vilima vya Shela, ambayo yameundwa na upepo, mchanga na mvua kwa miaka mingi sana, nasi twaweza kuyazamisha kwa muda mfupi tusipoangalia.